Chama cha Wanafunzi, Ng'ombe na Prosesa ya Simu Yako

Ukiulizwa prosesa iliyo ndani ya simu yako ilitoka wapi, huenda utajibu China, au Taiwan, au Marekani. Kiwandani, naam, pengine ni huko. Lakini ukiufuata ukoo wake nyuma, kizazi baada ya kizazi, utajikuta katika mji wa Cambridge, Uingereza, miaka ya 1970, miongoni mwa wanafunzi waliokuwa wakijiundia kompyuta kwa mikono yao masomo yakiisha. Hakuna mhadhiri aliyewatuma. Hakuna aliyepewa alama kwa kazi hiyo. Walikuwa na chama chao, na chama chenyewe kiliitwa Cambridge University Processor Group.

Leo nataka tukizungumzie chama hicho. Kila ninaposoma historia ya kampuni ya ARM, chama hupewa sentensi moja tu, kisha mwandishi anakimbilia mabilioni ya pauni. Mimi naona mambo yamepinduliwa. Mabilioni tumeyasikia vya kutosha. Ninachotaka kujua ni kwa nini kundi la vijana waliocheza na nyaya lilitoa watu walioweza kubuni prosesa ambayo makampuni makubwa yaliyokuwa na pesa na wahandisi tele hayakuibuni.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Tunapotaja kompyuta (au tarakilishi, kama mwalimu wako wa Kiswahili alivyosisitiza), wengi hufikiria skrini na kibodi. Ukweli ni kwamba kompyuta nyingi zaidi duniani hazina skrini ya maana wala kibodi. Zimepachikwa ndani ya vitu vingine: mita ya stima ya tokeni, kidhibiti cha betri ya sola, mashine ya kufulia, breki za gari. Kila moja ina kazi yake moja, na inaifanya usiku na mchana bila kulalamika. Hii ndiyo mifumo iliyopachikwa. Mimi riziki yangu ni programu za wavuti. Seva yangu ikilemewa, naongeza RAM na maisha yanaendelea. Mwenzangu wa mifumo iliyopachikwa hana anasa hiyo. Kumbukumbu aliyopewa ni hiyo hiyo, umeme ni huo huo, na mashine ikikwama saa nane za usiku katika kijiji cha mbali hakuna mtu wa kuizima na kuiwasha tena.

Sasa turudi Cambridge. Chuo hicho hakikuwa kigeni katika mambo ya kompyuta. Maabara yake ndiyo iliyowasha EDSAC tarehe 6 Mei 1949, mojawapo ya kompyuta za kwanza kabisa zilizohifadhi programu yake katika kumbukumbu yake na kufanya kazi halisi za watafiti. Miaka 25 hivi baadaye maabara ilikuwa na kompyuta kubwa ambayo idara zote za chuo zilitumia kwa zamu. Kwa hivyo mwanafunzi aliyetaka kuandika programu alikuwa na mahali pa kuiandikia. Ambacho hakuwa nacho ni ruhusa ya kuifungua hiyo kompyuta, kuona ndani, na kuibadilisha. Hapo ndipo chama kilipoingia.

Intel ilikuwa imetoa prosesa ya kwanza ya kuuzwa kwa umma katika chipu moja, 4004, mwaka 1971. Kabla ya hapo, aliyetaka kuunda kompyuta aliiunganisha kwa chipu nyingi ndogo za aina ya TTL, kila moja ikiwa na milango michache tu ya mantiki: moja inajumlisha, nyingine inakumbuka biti chache, nyingine inachagua njia. Unazipanga kwenye bodi, unaziunganisha waya kwa waya, na baada ya majuma au miezi una kompyuta. Ama una bodi inayonuka moshi.

Katika Processor Group watu waligawanyika hapo hapo. Steve Furber, mmoja wa wanachama wake wa mwanzo, amesimulia mara kadhaa kwamba walioheshimika kweli kweli chamani ni wale waliojenga prosesa yao wenyewe kwa TTL. Aliyenunua prosesa iliyokwisha kutengenezwa, ikiwa yote ndani ya chipu moja, alionekana kama mtu aliyekwepa kazi. Furber alikuwa katika kundi hili la pili. Mashine yake ilitumia chipu ya Signetics 2650, prosesa ambayo leo hata wazee wa fani hii wengi hawaikumbuki. Kwangu mimi huu ndio utani mtamu kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu huyu "mkwepa kazi" ndiye aliyekuja kuchora mpangilio wa ndani wa prosesa ya ARM.

Utani kando, mgawanyiko ule ulikuwa na faida. Hata wewe uliyenunua chipu moja, ulikaa meza moja na mtu aliyekuwa akijenga ile chipu yako kwa vipande mia moja na zaidi. Ulimwona akihangaika na saa ya saketi, akiuliza biti inafika wapi na lini. Prosesa haikuwa tena sanduku la ajabu lililoshuka kutoka Marekani. Ilikuwa kitu ambacho jamaa wa jirani alikuwa akikilehemu.

Niruhusu nichepuke kidogo. Nilipokuwa nikisomea shahada yangu, tulikuwa na somo la mifumo ya prosesa. Tulijifunza Intel 8086 muhula mzima. Tulichora rejista zake, tukakariri maagizo yake, tukafanya mtihani, tukapita. Chipu yenyewe sikuigusa hata siku moja. Vifaa vya maabara vilikuwepo, lakini vilikuwa ndani ya kabati, na ufunguo ulikuwa na mtu ambaye hakupatikana siku za kazi wala za mapumziko. Tuliotaka kushika kitu tulichanga pesa, tukashuka Luthuli Avenue, tukanunua bodi mbili za Arduino za bei ya chini, rili na vipande vya nyaya, tukaanza kukutana jioni katika chumba cha kuazima. Tulitengeneza kifaa cha kuzima pampu tangi la maji likijaa. Si kitu cha kutia kwenye gazeti. Lakini mpaka leo, nikisikia neno "interapti", sioni ukurasa wa kitabu. Naona lile tangi. Kwa hivyo nikizungumzia chama hiki cha Cambridge sizungumzii kama mtazamaji tu.

Mwanachama mwingine wa kisa chetu ni Sophie Wilson, aliyesoma Cambridge miaka hiyo hiyo ya 1970, hisabati na kisha sayansi ya kompyuta. Tazama kazi aliyoifanya wakati wa likizo, angali mwanafunzi: alibuni kompyuta ndogo ya kudhibiti ulishaji wa ng'ombe. Si kompyuta ya kurusha roketi! Ng'ombe. Kompyuta hiyo ilitumia prosesa ya 6502 ya kampuni ya MOS Technology, iliyoingia sokoni mwaka 1975 kwa dola 25 wakati nyingine za aina yake ziliorodheshwa kwa mamia ya dola. Bei hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Prosesa ya dola 25 unaweza kuiweka zizini. Ya mamia ya dola utaifungia ofisini na kuifunika kitambaa.

Mwaka 1978 walikuja watu wawili waliokuwa na nia ya biashara. Mmoja ni Hermann Hauser, mwanafizikia kutoka Austria aliyekuwa amefanya shahada yake ya uzamifu Cambridge. Wa pili ni Chris Curry, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi na Clive Sinclair, yule wa vikokotoo. Walijua kwamba prosesa italeta pesa. Walichokosa ni watu wanaojua kuitumia. Wangewatafuta wapi? Hauser alikwenda chamani. Huko ndiko alikompata Furber, ambaye wakati huo hakuwa mwanafunzi wa kompyuta hata kidogo. Alikuwa amesoma hisabati, na sasa alikuwa akifanya utafiti wa shahada ya uzamifu kuhusu jinsi mabawa yanavyopata nguvu ya kupaa hewani. Kompyuta ilikuwa burudani yake. Akakubali kusaidia, tena mwanzoni kwa kujitolea tu.

Desemba 1978 Hauser na Curry walisajili kampuni wakaiita Cambridge Processor Unit Ltd, ili kifupi chake kiwe CPU. (Wahandisi na utani wao, utawaweza wapi?) Kazi ya kwanza ya kampuni ilikuwa kidhibiti cha mashine za kamari, kwa ajili ya kampuni moja ya Wales. Naam, mashine za kamari, mababu wa zile ambazo hapa kwetu zilijaa kila kituo cha biashara hadi serikali ikaanza kuzikusanya na kuzichoma.

Mpaka wakati huo mashine hizo ziliendeshwa kwa magurudumu, vyuma na swichi. Sasa zilitakiwa ziongozwe na prosesa. Furber alishiriki kuunda kidhibiti hicho. Halafu likazuka tatizo ambalo hakuna mtaala ungelitabiri. Wachezaji wajanja waligundua kwamba ukiwasha kibiriti cha gesi karibu na mashine, kile kinachotoa cheche kwa umeme, ile cheche inaivuruga prosesa na mashine inatema sarafu! Wilson ndiye aliyelitatua. Aliongeza saketi ya redio inayosikiliza mawimbi ya cheche. Ikiyasikia, mashine haitoi kitu.

Simama hapo ufikirie, msomaji. Programu ilikuwa sahihi. Prosesa ilikuwa nzima. Kosa lilitoka hewani. Mtu aliyezoea kuandika programu tu angekaa siku tatu akisoma msimbo wake mstari kwa mstari, akijiuliza amekosea wapi. Ilihitaji mtu ambaye kwake waya, redio na programu ni kitu kimoja. Chuo kinavigawa vitu hivyo katika idara tatu na majengo matatu. Chamani vilikuwa juu ya meza moja.

Kutokana na ujuzi huo wa ng'ombe na kamari Wilson alibuni kompyuta ndogo ya kuuzwa kwa mafundi na wapenzi wa elektroniki. Ilitoka mwaka 1979 kwa jina la biashara Acorn, yaani tunda la mwaloni, mbegu ndogo inayokuja kuwa mti mkubwa. Inasemekana jina hilo pia lilipendwa kwa sababu katika kitabu cha simu linatangulia Apple. System 1 ilikuwa bodi mbili zilizopandana, vitufe vya hekisadesimali, tarakimu nane za kuwaka, RAM ya takriban kilobaiti 1, na programu yake ya msingi ilijibana ndani ya baiti 512. Aya unayoisoma sasa ina herufi nyingi kuliko hizo.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, kwa hivyo nitapita haraka. BBC, hao hao wa Idhaa ya Kiswahili, walikuwa na mpango wa kuwafundisha Waingereza kompyuta kupitia televisheni, na walitafuta kompyuta ya kwenda na vipindi. Mwaka 1981 walikubali kuja kutazama mashine mpya ya Acorn mwisho wa wiki ya kazi. Tatizo, mashine yenyewe haikuwepo. Hauser alimpigia simu Furber akamwambia Wilson amekubali kwamba inaweza kuundwa kwa siku tano. Kisha akampigia Wilson akamwambia Furber amekubali. Hakuna aliyekuwa amekubali lolote. Ijumaa asubuhi, saa chache kabla ya wageni kufika, bodi ilikuwa bado haifanyi kazi. Hauser akapendekeza wakate waya ulioiunganisha na mashine ya majaribio. Wakaukata, ikawaka. BBC Micro ilianza kuuzwa Desemba 1981. BBC walitarajia kuuza 12,000. Ziliuzwa zaidi ya milioni 1.5.

Ninachotaka ukione katika BBC Micro ni milango yake, si skrini. Ilikuwa na mlango wa biti 8 wa mtumiaji kuunganisha vifaa vyake mwenyewe, na njia nne za kusoma volti kutoka nje, kama vile kipimajoto. Kwa kompyuta ya wanafunzi wa shule hayo yalikuwa makubwa. Watoto waliwasha taa, waliendesha magari ya kuchezea, walipima joto la maji. Maabara za vyuo zikazitumia kuendesha mitambo ya majaribio. Waliobuni kompyuta hii hawakuamini kwamba kompyuta huishia kwenye skrini, na imani hiyo hawakuipata katika utafiti wa soko.

Kufikia 1983 Acorn ilihitaji prosesa yenye nguvu zaidi. Walizijaribu za wenzao, hawakuridhika. Wakasoma makala za watafiti wa Berkeley, Marekani, kuhusu RISC, yaani prosesa yenye maagizo machache na mepesi, ambayo wanafunzi wa uzamili waliweza kuibuni. Oktoba mwaka huo Furber na Wilson walisafiri hadi Mesa, Arizona, kuona Western Design Center waliokuwa wakibuni mrithi wa 6502. Walitarajia jengo kubwa la vioo. Wakakuta nyumba ya kawaida katika mtaa wa makazi, na miongoni mwa wafanyakazi vijana wa shule, wakitumia kompyuta za Apple II. Walirudi nyumbani na wazo moja: kama hawa wanaweza, na sisi tutaweza.

Wengi huisoma sehemu hii kama kichekesho. Mimi naiona ndiyo kiini cha kisa chote. Mtu mwingine angeiona nyumba ile akasema, "Hawa si wa maana, twende Intel." Furber na Wilson walijua kwamba watu wachache, meza chache na vifaa vya kawaida vinatosha kuzaa prosesa, kwa sababu walikuwa wameshuhudia jambo hilo wakiwa na miaka ishirini na kidogo. Chama kiliwapa kipimo cha kupimia kinachowezekana.

Wilson alibuni seti ya maagizo, na kielelezo cha prosesa yenyewe kiliandikwa kwa lugha ya BBC BASIC kwenye BBC Micro. Furber alichora mpangilio wa ndani. Hauser amezoea kusema kwamba aliwapa vitu viwili ambavyo makampuni makubwa hayakuwapa wahandisi wao: aliwanyima pesa na akawanyima watu. Chipu ya kwanza ilirudi kutoka kiwanda cha VLSI Technology tarehe 26 Aprili 1985, miezi 18 baada ya kuanza, na ilifanya kazi siku hiyo hiyo. Ilikuwa na transista 25,000 hivi. Intel 80386, iliyotoka mwaka huo huo, ilikuwa na 275,000.

Kuhusu umeme, lengo lao lilikuwa dogo na la kibahili. Chipu inayotumia wati nyingi huwaka moto, na inahitaji kasha la kauri, ambalo ni ghali. Wao walitaka kasha la plastiki. Kwa hivyo ilibidi chipu isizidi wati 1. Hawakuwa na vyombo vya kukadiria matumizi ya umeme kwa usahihi, basi wakabana kila walipoweza. Matokeo yakawa karibu sehemu moja ya kumi ya wati. Furber alipotaka kuipima, aliweka kipima mkondo kwenye waya wa umeme wa prosesa. Mshale ukasoma sifuri. Prosesa inaendesha programu, mshale uko sifuri! Kumbe bodi ya majaribio ilikuwa na hitilafu, umeme haukufika kabisa kwenye chipu. Ilikuwa ikiendeshwa na umeme mdogo uliovuja kupitia nyaya za mawasiliano kutoka chipu za jirani.

Wakati huo sifa hiyo haikumpa mtu pesa. Kompyuta ya mezani imechomekwa ukutani, nani anajali? Acorn yenyewe ilikuwa taabani, na mwaka huo huo wa 1985 Olivetti ya Italia iliinunua sehemu kubwa. Ni mwaka 1990, Apple walipohitaji prosesa isiyomaliza betri kwa ajili ya kifaa chao cha kushika mkononi, Newton, ndipo ARM ilipotengwa kuwa kampuni ya peke yake, ikiwa na wahandisi 12 na ofisi katika ghala la zamani la shambani. Haikutengeneza chipu. Iliuza haki ya kutumia michoro yake. Nokia 6110 ilitoka 1997 ikiwa na prosesa ya ARM, na simu za GSM zikaifuata. Kwa hivyo M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mama mboga aliyetuma shilingi zake za kwanza kwa simu kuna uwezekano mkubwa alizituma kwa michoro ya yule mtafiti wa mabawa. Kampuni inasema chipu zenye michoro yake zilizokwisha kuuzwa zimepita bilioni 250. Nyingi kati ya hizo haziko kwenye simu. Ziko kwenye mita, breki, kadi na mashine za kufulia. Yaani zimerudi kule kwa ng'ombe.

Sasa neno la upande wa pili, maana sipendi visa vinavyomfanya kijana wa Kenya ajione mvivu. Huwa tunaambiwa, "Ona wenzenu walianzia chumbani, nyinyi mnangoja nini?" Wanafunzi wa Uingereza wa miaka ile hawakulipa karo kutoka mfukoni. Serikali iliwalipia, na wengi walipata posho ya kuishi juu yake. Sisi tulikuwa na kitu kama hicho. Waliosoma enzi za "boom" watakuambia. Leo mwanafunzi wetu anangoja HELB ifike, na ikichelewa anatafuta kibarua cha kuandikia watu kazi za mtandaoni usiku. Saa zile ambazo Furber alizitumia kulehemu, huyu anazitumia kutafuta chakula. Bodi ya Arduino inapatikana Luthuli kwa pesa kidogo kuliko Signetics 2650 ilivyokuwa wakati wake. Muda wa jioni ndio uliopanda bei.

Na bado vitu vinafanyika. Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, ilirushwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga kwa ushirikiano na Wajapani na Waitaliano. Huo ni mfumo uliopachikwa wa daraja la juu: umeme wa kuhesabu, kumbukumbu ya kuhesabu, na hakuna wa kupanda huko kuuzima na kuuwasha. Kama unasoma chuoni na kuna kundi la namna hii, hata la watu watano, usiulize kama linahesabiwa kwenye shahada. Na kama wewe ni mhadhiri mwenye ufunguo wa kabati, nadhani umenielewa.

Furber aliondoka Acorn mwaka 1990 akawa profesa Manchester, ambako mwaka 2018 mashine yake iitwayo SpiNNaker, ya kuiga mwenendo wa ubongo, ilifikisha viini milioni moja vya ARM vikifanya kazi pamoja. Wilson aliendelea kubuni prosesa, baadaye katika Broadcom.

Ukitaka kuona masalio ya chama hicho kwa macho yako, chukua simu yako ya Android, weka programu ya Termux, kisha andika:

cat /proc/cpuinfo

Tafuta mstari ulioandikwa "CPU implementer". Katika simu nyingi utakuta 0x41. Hiyo ni namba ya hekisadesimali, na katika jedwali la ASCII ni herufi A. (Ukikuta 0x51 ni Q, yaani Qualcomm, ambao hununua haki kutoka kwa A kisha wanachora viini vyao.) A ni ya ARM. Siku hizi kampuni inaandika jina lake kama neno tu, bila kirefu. Mwaka 1990, Apple walipoingia, kirefu chake kilikuwa Advanced RISC Machines. Kabla ya hapo kilikuwa Acorn RISC Machine.